Begi la Kulalia na Kabuti la Msumarini

Kitengela,
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Baba Kageha,

Mirembe. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, si umesimama mlangoni mwa zizi ukiisoma huku ng'ombe anakusukuma. Kaa kwanza. Goti linaendeleaje? Na usiniambie "sawa", kwa sababu hiyo sawa yako naijua. Hata siku ile ulipoanguka kutoka kwa mti wa parachichi ulilala pale chini ukasema sawa. Mama anakula vizuri? Dawa zake za presha anazimeza, au bado anazificha chini ya mto? Angalia chini ya mto. Mimi ni mzima. Kifua changu pia ni kizima, na nimeliandika hapa juu mapema kwa sababu najua ungeruka mistari yote ukilitafuta.

Sasa, hicho kitu cha buluu alichokuletea ndugu yako Asava. Usikubali mtu yeyote amwambie Mama kwamba ni mfuko wa maiti, maana ataanza kulia na hatanyamaza mpaka Jumatano. Ni begi la kulalia. Watu huingia ndani wakiwa hai, hujifunga zipu, na asubuhi hutoka. Nitakueleza lilivyonifikia na kwa nini nakuletea wewe. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako huiweka spika, boma zima linasikiliza, na humu ndani kuna maneno ambayo sitaki jirani ayasikie akichuma mboga kwenye ua wetu.

Ilianza hivi. Mwisho wa mwezi wa sita mwalimu mkuu alituita sisi wa jikoni akasema watoto wa gredi ya sita wanaenda kupiga kambi kule Loitokitok, chini ya mlima, usiku nne kwenye hema. Mpishi mmoja ataenda nao. Akanitazama mimi. Nikajiuliza, kwa nini mimi? Beatrice mwenzangu wa jikoni ni mdogo kwangu, ana miguu mizuri, na anapenda safari. Mimi mwaka jana nililazwa na nimonia siku tisa. Tangu nitoke hospitali, huyu mwalimu mkuu kila asubuhi hupita dirishani pa jikoni na kuniuliza, "Mama Kageha, kifua?" halafu anasimama pale kichwa ameinamisha kama anayesikiliza redio ya jirani. Nikaona wazi kwamba kambi hii ni mtihani. Wananipeleka kwenye baridi wanisikilize.

Upande wa pili kulikuwa na wewe. Sijasahau uliyoniambia Pasaka pale barazani, tena mbele ya Mama: "Ukilazwa tena hata mara moja, funga virago urudi." Nilikubali, na nikikubali jambo nimekubali. Lakini nitakwambia ambalo sikukwambia siku ile. Sitaki kurudi bado. Naipenda kazi hii. Napenda zile sufuria kubwa, napenda kelele za watoto wakipanga foleni, napenda kuitwa nionje chumvi. Kwa hivyo nilikuwa katikati ya watu wawili, kila mmoja akingoja kikohozi changu kwa sababu zake. Nikaapa sitakohoa hata kidogo, na nikaanza kutafuta begi.

Sharti lilikuwa moja: liwe jepesi. Gari linaishia barabarani, na kutoka hapo mpaka kambini ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, kila mtu na mzigo wake mgongoni. Sufuria na chakula tu ndivyo vingepelekwa na pikapu kwa njia ya nyuma. Mimi nilishangaa. Mtu ana kitanda chake, godoro lake, mlango wa chuma, halafu anaondoka kwenda kulala chini, na anachagua kwa makini kitu cha kulalia chini. Niliwauliza walimu ni nini hasa kinatafutwa huko. Wakasema watoto wajifunze kujitegemea. Sikuamini, lakini nikaenda sokoni.

Soko letu la mitumba unalijua, ulipita hapo nami ukanunua ile kofia mbaya. Mwanamke anayeuza mabegi ya kulalia na mahema anaitwa Mama Shiru, mtu wa Murang'a, mnene, mpole, mwenye sauti ya chini. Sipendi muuzaji mwenye sauti ya chini. Anayepiga kelele unajua anataka kukuuzia. Huyu wa kunong'ona hujui anataka nini. Nilifika nikamkuta ametundika mabegi mengi kwenye waya, lakini ya mtu mzima yalikuwa mawili tu, la kijani na hilo la buluu.

La kijani lilikuwa nene kama mbuzi aliyelala. Mama Shiru akaniambia ndani yake ni manyoya ya bata. Nilibana mshono kwa kucha mpaka kikatoka kinyoya kimoja cheupe, nikakinusa, nikamwambia hata mimi niko na kuku nyumbani. Akacheka. Kisha nikaona upande mmoja wa begi umepauka kwa jua na upande mwingine bado unang'aa, maana yake limening'inia hapo miezi mingi na hakuna aliyelitaka. Hapo nikajua ni kwa nini ananisukumia.

La buluu nilifungua lote nikalilaza juu ya meza. Nililigeuza ndani nje. Nilipandisha zipu na kuishusha mara kumi, haikunasa. Nilipuliza kitambaa kwa mdomo nione kama hewa inapita, ikapita kidogo tu. Nikajipima kwalo kutoka unyayo mpaka bega, na miguuni limebana kidogo lakini vidole vinacheza. Halafu nikayachukua yote mawili mpaka kwa muuza viazi wa jirani nikamwomba mizani. La kijani lilikuwa zaidi ya kilo mbili. La buluu halikufika hata kilo, na likikunjwa linaingia kwenye mfuko mdogo kama mkate. Mama Shiru alinifuata hadi hapo kwa viazi akitikisa kichwa.

"Mami, unaenda wapi na hiyo?" akaniuliza.

"Loitokitok."

"Hiyo ni ya joto. Huko saa hii ni baridi mbaya. Beba hii green, hata ikikulemea, utanishukuru."

Nikamwonyesha lebo. Wewe unajua mimi huamini kilichoandikwa kuliko kinachosemwa, kwa sababu aliyeandika hakujua nitapita hapo. Kwenye lebo ya begi la buluu palikuwa na picha ya kibanda cha hema, namba kumi na tano ambayo nilidhani ni saizi, na maneno wazi kabisa: June hadi August. Nikamwambia, mama, hebu soma. Juni mpaka Agosti si ndiyo baridi yetu? Si ndiyo miezi watoto wanakuja shule na sweta mbili? Mwenye kiwanda mwenyewe ameandika hili ni la baridi, wewe unaniambia ni la joto. Mama Shiru alitazama lebo, akanitazama mimi, akaanza kunikunjia begi. Nikalibeba begi langu nikaenda nyumbani nikijipongeza njia nzima kwamba nimemshinda muuzaji wa Kitengela.

Wewe husema nilizaliwa nikimkagua mkunga. Endelea kusoma.

Wiki hiyohiyo Asava akarudi kutoka mazishini huko nyumbani. Kabla hajaenda kwenye machimbo ya mawe akapita kwangu na gunia. Akasema, "Shemeji, umetumwa hii na mzee," akacheka kidogo akitazama pembeni, akaondoka. Ndani ya gunia kulikuwa na kabuti lako. Kabuti la kazi, lile ulilolinda nalo maghala kule Industrial Area miaka yote hiyo, lile lililotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango tangu siku uliyostaafu. Hakuna barua. Hakuna neno.

Baba Kageha, nitakuambia ukweli nilioufikiria, na usinikasirikie mpaka ufike mwisho. Sikufikiria kabuti. Nilifikiria ule msumari. Nikajiuliza, sasa pale msumarini panatundikwa nini? Kwa nini mtu aondoe kitu kilichokaa mahali pake miaka hiyo yote, kama si kupisha kingine? Na Asava anacheka nini?

Nikalikagua. Niliingiza mkono kila mfuko nikapata filimbi yako, vumbi la tumbaku na punje mbili za mahindi. Hakuna kingine. Lakini nilipofungua vifungo nikatazama ndani, nikaona mshono mpya. Upande wa kifuani, kwenye kile kitambaa cha ndani, mtu alikuwa amefungua na kushona tena. Mshono mbaya kweli, hatua moja ndefu, nyingine fupi, na uzi mnene. Mama haoni tundu la sindano. Kageha yuko Eldoret. Wewe sijawahi kukuona na sindano tangu unioe. Nani basi ameshona nguo ya mume wangu, ndani ya nyumba yangu, tena ni mtu ambaye hata kushona hajafunzwa? Nilikaa kitandani nikihesabu wanawake wote wa ridge yetu, kilima kizima, wasiojua kushona. Nilifika wanne. Majina siandiki hapa, wawili wao wako kwaya.

Ndiyo sababu ulipopiga simu Ijumaa ile nilikujibu mkato. Ukaniuliza kama mzigo umefika, nikasema umefika. Ukaniuliza kama linanitosha, nikasema kwani mimi ni askari. Ukasema sawa.

Sikutaka hata kulivaa. Lakini siku ya kupakia pikapu, zile sufuria kubwa zilikuwa zinagongana, na mayai yalihitaji kitu cha kuyashika. Nikachukua kabuti nikafungia sufuria mbili na trei za mayai. Niliona hapo ndipo mahali pake. Begi langu la buluu nililitia mgongoni, jepesi kama sijabeba kitu, na tulipokuwa tunapanda kwenda kambini nikawapita walimu wawili vijana waliokuwa wanahema chini ya mabegi manene. Niliwahurumia, na niliwacheka pia.

Sitakueleza habari nyingi za usiku ule wa kwanza. Baridi ya mlima ule haiji kutoka juu kama ya kwetu, inatoka ardhini, inakushika mgongo kwanza. Nilijifunga zipu hadi puani. Nilivaa soksi mbili na leso ya kichwa. Ilipofika saa kumi alfajiri vidole vya miguu sikuvisikia tena, na ndani ya kifua kikaanza kile kimlio, unakijua, kama mlango wa kuku unaofunguka polepole. Mwalimu mkuu alikuwa kwenye hema la pili, hatua kumi kutoka kwangu. Niliuma leso nisikohoe. Niliogopa, Baba Kageha. Niliogopa hospitali, niliogopa kufukuzwa, na zaidi ya yote niliogopa kurudi nyumbani nimeshindwa na kukuta kitu kingine pale msumarini.

Nikatambaa nje mpaka kwenye pikapu nikafungua zile sufuria. Kabuti lilinuka vitunguu. Nikalivaa hivyohivyo, nikarudi, nikaingia nalo ndani ya begi. Zipu ilifika kiunoni tu lakini sikujali. Haikupita hata nusu saa, joto likaanza kifuani. Miguuni bado baridi, mikononi bado baridi, lakini kifuani joto, kama mtu ameweka kiganja pale. Kimlio kikapungua, kikanyamaza. Nililala mpaka wakati wa kupika uji.

Nilipotoka kuwasha moto, bado nimevaa kabuti na filimbi inaning'inia mfukoni, mzee Mmaasai anayelinda kambi alinisalimia "Supa" kama askari mwenzake, akaniuliza nililinda wapi. Nikamjibu "Ipa" nikamwambia nimelinda kwangu.

Mwalimu Nasieku, yule msichana wa hapo Mashuuru anayefundisha gredi ya sita, alikuja kuota moto. Nikamlalamikia begi langu, nikamwonyesha lebo, nikamwambia kiwanda kimenidanganya. Alisoma, akaanza kucheka mpaka akashika magoti. Akaniambia hakuna aliyenidanganya. Begi limetoka ng'ambo, na kule Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya jua kali, watu wanatembea na kaptura. Hiyo kumi na tano si saizi, ni kipimo cha baridi: joto likishuka chini ya hapo begi halikusaidii. Akasema jambo hili amelifundisha muhula huo huo, darasani, ukuta mmoja tu na jikoni kwangu. Kwa hivyo lebo ilisema kweli, na Mama Shiru alisema kweli. Ni mimi niliyesoma miezi ya wengine kama miezi yangu.

Jua lilipotoka nililivua kabuti nilianike, kwa maana lilikuwa limeshika umande. Nikaligeuza ndani nje kwenye kamba ya hema. Na hapo kwenye mwanga, Baba Kageha, nikautazama tena ule mshono. Uzi ni wa gunia, ule mweupe wa kushonea magunia ya mahindi. Matundu ni makubwa, ya sindano ya gunia. Na mwisho wa mshono, aliyeshona hakukata uzi kama wanavyofanya watu. Alifunga fundo, akalizungusha mara mbili, akalipitisha chini. Fundo la kufungia ng'ombe. Katika ridge nzima ni mtu mmoja tu hufunga ng'ombe namna hiyo, na mimi nimelifungua fundo lake kila asubuhi tukiwa pamoja nyumbani kwa miaka ishirini na sita nikilalamika.

Nilifungua mshono kidogo kwa kisu cha vitunguu. Ndani kulikuwa na kipande cha blanketi kilichokunjwa mara mbili, kikubwa kama kifua changu, si zaidi. Blanketi letu, lile la mistari ya kahawia. Na pembeni kuna lile doa la kuungua, pale ulipolala na taa ya mafuta mwaka ule Kageha alipokuwa na surua. Doa hilo liko upande wako. Ulikata upande wako.

Niliketi juu ya debe la mafuta nikalia, na watoto wakaja kuniuliza kama ni vitunguu. Nikasema ndiyo. Nisamehe. Nisamehe kwa wale wanawake wanne, na kwa lile jibu la mkato kwenye simu. Kesho yake nilimwuliza mwalimu mkuu waziwazi kwa nini alinichagua mimi, maana nilikuwa nimechoka kukisia. Akasema watoto wenyewe ndio waliomwomba. Kifua alikuwa anauliza kwa sababu mama yake alikufa kwa kifua. Nikamwongezea uji.

Jana nilienda kwa Mama Shiru kumwambia kwamba alikuwa amesema kweli. Hakunisimanga. Aliniambia, "Mami, mimi sikuwa nataka kukuuzia. Nilikuambia juu nilisikia ukikohoa hapo kwa mizani." Na mimi sikuwa nimejisikia kabisa. La kijani bado linaning'inia pale. Tumekubaliana bei nilibebe, yeye ameongeza na kikombe cha chai.

Kwa hivyo begi la buluu ni lako. Nyumbani ndani ya nyumba, milango imefungwa, kumi na tano yake inatosha. Miguu iingie kwanza, zipu iko mkono wa kulia, ukifika shingoni vuta ile kamba ndogo lakini usifunge fundo lako la ng'ombe hapo, tutakosa kukutoa. Kabuti silirudishi. Usishone tena kitu.

Msalimie Mama, umwambie kichwa cha begi kinabaki wazi hata ukilifunga, amguse mtu aliye ndani athibitishe. Salamu kwa mzee wa kanisa na mkewe. Msalimie mke wa Asava, umwambie mumewe akiwa huku kwetu anacheka sana. Wasalimie wanakwaya wote, hasa sauti ya pili, na usiwaambie ni kwa nini. Kageha akipita, mwambie anipigie.

Jambo moja tu limebaki, na hili utanijibu kwa maandishi, si kwa spika. Kabuti lilinifikia mwanzo wa Julai. Leo ni mwisho wa Julai. Blanketi lina shimo upande wako, na mimi nakujua, upande wangu hulali hata nisipokuwepo. Usiku zote hizo ulikuwa unajifunika nini?

Usiniambie sawa.

Ni mimi mkeo,
Mama Kageha